Kununua, Kupanga na Kutunza Miksa ya Kidijitali ya Bei Nafuu Mombasa

Fundi wa sauti anayehudumia harusi, mihadhara na ibada katika Mombasa hana ukumbi mmoja. Ijumaa usiku yumo chini ya turubali huko Kisauni, Jumamosi yumo katika bustani ya hoteli Nyali, Jumapili asubuhi yumo kanisani Changamwe, na kila aendapo anakutana na kuta, upepo na waimbaji wasiofanana na wa jana. Kwa kazi ya namna hiyo ninaamini kwamba miksa ndogo ya kidijitali, yaani mtambo wa kuchanganya sauti zote kabla hazijaenda kwenye spika, ndiyo kitu cha kwanza wa kununua baada ya kupata spika zinazofaa, kwa kuwa inakumbuka. Kila ulichokipanga kwa ajili ya kikundi fulani, kuanzia nguvu ya kila maikrofoni hadi kiasi cha mwangwi wa mwimbaji, hubaki ndani yake na hurudi kwa kugusa kitufe. Kwenye miksa ndogo ya analogi, mpangilio huo hupotea mara tu mtu mwingine anapozungusha vifundo.

Mitambo hii haikuwa rahisi kupatikana tangu mwanzo. Yamaha ilitoa DMP7 mwaka 1987, ikafuata 02R mwaka 1995, na kwa miaka mingi miksa za kidijitali zilibaki kuwa za studio na za makampuni makubwa. Mambo yalibadilika sana mwaka 2012 Behringer ilipoingiza sokoni X32, yenye chaneli (njia za kuingizia sauti) 32 za maikrofoni, kwa bei ambayo wengi waliizoea kwa miksa za analogi. Baadaye zikaja miksa zisizo na feda kabisa, yaani vile vitelezi vya kupandisha na kushusha sauti, kama XR18 ya Behringer na Ui16 ya Soundcraft, ambazo ni visanduku vya kuchomeka kebo, na uendeshaji wake wote hufanyika kwenye tabuleti, simu au kompyuta. Hizi ndizo ninazozifikiria hasa ninaposema bei nafuu.

Kabla ya kuulizia bei, chukua karatasi uorodheshe sauti zote zitakazoingia katika kazi yako kubwa zaidi ya mwaka. Kikundi cha taarab cha kawaida kinaweza kuwa na mwimbaji, waitikiaji watatu, udi, fidla mbili, kodiani, kinanda kinachohitaji chaneli mbili, gitaa la besi, dumbaki na tari. Hizo ni chaneli 13, na ukiongeza maikrofoni ya mshereheshaji na simu ya kupigia nyimbo za kurekodiwa, ambayo nayo huchukua chaneli mbili, umeshafika 16. Mhadhara wa msikitini au kikao cha wazee hauhitaji zaidi ya maikrofoni nne au tano. Usiitegemee namba iliyoandikwa kwenye boksi. XR18 ina matundu 16 ya maikrofoni na mawili ya vifaa vingine, lakini XR16, ambayo jina lake linakufanya udhani ina tofauti ndogo tu, ina matundu manane ya maikrofoni, na manane yaliyobaki hayawezi kupokea maikrofoni ya kawaida bila kifaa cha kuikuza kwanza. Geuza mtambo, uhesabu matundu ya XLR, yale ya duara ya kebo za maikrofoni, kwa kidole chako mwenyewe.

Kuhusu feda, ninatoa ushauri tofauti kwa watu tofauti. Kanisa au msikiti ambao miksa yake huendeshwa na wahudumu wanaopokezana ununue miksa yenye feda halisi, kwa sababu mtu asiyezoea hushika feda na kuelewa papo hapo kinachotokea, lakini akipewa tabuleti hupotea katika kurasa zake. Fundi anayebeba mitambo yake kwenye tuktuk au nyuma ya probox atafaidika zaidi na kisanduku kisicho na feda, maana ni chepesi, kinakaa jukwaani karibu na wapigaji, na humpunguzia gharama ya ile kebo nene ndefu inayotoka jukwaani hadi kwenye meza ya fundi.

Ukinunua kilichokwisha kutumika, na hapa kwetu vingi huuzwa hivyo, nenda na maikrofoni moja, kebo moja na hedifoni, ukajaribu kila tundu la kuingilia na kila tundu la kutokea bila kuruka hata moja. Washa umeme wa volti 48 wa maikrofoni za kondensa na uhakikishe unafika kwenye chaneli zote. Kama feda zina mota, pakia mpangilio mmoja kisha mwingine, utazame kama zote zinakwenda mahali pake bila kukwama, kwa kuwa feda iliyoingia chumvi ya bahari hujulikana kwa kusitasita. Soma kibandiko cha umeme nyuma ya mtambo. Umeme wetu ni volti 240 na hezi 50, na mitambo mingi ya sasa hupokea kati ya volti 100 na 240, lakini kuna ya zamani iliyotengenezwa kwa Marekani pekee. Anayeagiza kipya kutoka ng'ambo asilinganishe bei ya mtandaoni na ya dukani kabla ya kujumlisha usafiri, ushuru na VAT ya asilimia 16.

Umeme

Miksa ya kidijitali ni kompyuta, na umeme ukikatika hata kwa nusu sekunde, huzima na kuanza kujiwasha upya huku ukumbi mzima ukiwa kimya. Kwa hiyo tenga fedha za UPS ndogo, kile kisanduku chenye betri kinachoshikilia umeme unapokatika, tangu siku ya kununua miksa. Chomeka humo miksa na ruta peke yake, kamwe usichomeke amplifaya wala spika zenye amplifaya ndani, kwa sababu hizo zitailemea na kuizima pale pale unapoihitaji. Mahali ambapo jenereta inasubiri nje, UPS hii ndiyo inayokuvusha katika zile sekunde ambazo mtu anakimbilia kuiwasha.

Washa miksa kwanza, subiri imalize kujipanga, ndipo uwashe spika. Wakati wa kufunga, zima spika kwanza. Ukisikia mvumo mzito usiokoma, usikubali shauri la kung'oa au kukata pini ya waya wa ardhi kwenye plagi. Pini hiyo inalinda uhai wa mwimbaji aliyeshika maikrofoni ya chuma akiwa amesimama peku kwenye majani yenye umande. Mvumo mara nyingi huondoka ukichukua umeme wa miksa na wa spika kutoka kwenye soketi moja ya ukutani, au ukitumia kisanduku cha DI, kinachotenganisha waya za ardhi za vifaa viwili, kati ya miksa na kinanda au kompyuta.

Geini

Kama kuna sehemu moja ya mwongozo huu ambayo ningependa uisome mara mbili, ni hii. Geini ni kile kipimo cha kwanza kabisa kinachoamua maikrofoni iingie kwa nguvu gani kabla sauti haijageuzwa kuwa namba. Katika analogi, ukizidisha kidogo, sauti huanza kukwaruza polepole na unapata muda wa kurekebisha. Katika kidijitali kuna dari: kipimo kikifika sifuri desibeli, hakuna namba kubwa zaidi ya kuandika, na kilele cha wimbi hukatwa kama kwa kisu. Sauti iliyokatwa hapo haiponi kwa kushusha feda, kwa kuwa feda iko mbele zaidi katika safari ya sauti.

Lenga wastani wa karibu desibeli 18 chini ya sifuri, na vilele vya sauti kubwa visipite desibeli 6 hadi 10 chini ya sifuri. Wengi huona taa ziko chini wakaogopa kwamba sauti ni dhaifu, wakapandisha. Miksa hizi hugeuza sauti kwa biti 24, na nafasi iliyoachwa juu haileti madhara yoyote. Ndiyo akiba ya mwimbaji atakayepandwa na mori baada ya kutunzwa.

Pima kwa sauti ya kweli. Mtu akisema "moja mbili, moja mbili" kwa sauti ya kuchoka, kipimo hicho hakina maana, maana atakapoanza kuimba atapaza mara kadhaa zaidi. Mimi humwendea mwimbaji kwa adabu nikamwambia, "Bi, nakuomba uniimbie ule ubeti wa juu kabisa, kama vile ukumbi umejaa." Kwa mpigaji udi humwomba apige kwa nguvu ya wimbo wenyewe, si ile ya kutafuta sauti za nyuzi. Kisha naweka geini, na kuanzia hapo siigusi tena. Anayebadilisha geini katikati ya shughuli hubadilisha pia kinachosikika kwenye monita, zile spika ambazo wapigaji hujisikilizia, na kinachoingia kwenye rekodi, na mwimbaji atashtuka bila kujua kilichotokea. Kupandisha na kushusha wakati wa shughuli ni kazi ya feda, nayo hufanya kazi vizuri zaidi ikiwa karibu na alama ya sifuri, ambako mwendo mdogo wa kidole huleta badiliko dogo la sauti. Ukijikuta feda ziko chini kabisa na bado sauti ni kubwa, shusha nguvu ya spika au amplifaya.

Kusafisha sauti

Hatua ya kwanza baada ya geini ni kichujio cha sauti nzito, ambacho kila chaneli inacho. Kumbi zetu zina pangaboi zinazozunguka usiku kucha, na bustani za ufukweni zina upepo wa kusi unaogonga maikrofoni kama mtu anayepiga ngoma kwa mbali. Kelele hizo ziko chini kabisa, mahali ambapo sauti ya binadamu haina kitu cha maana. Weka kichujio kwenye hezi 100 kwa sauti za wanaume na hata 150 kwa za wanawake, uvishe maikrofoni sifongo ukiwa nje, na utashangaa jinsi maneno yanavyojitokeza. Usikiweke kwenye besi wala dumbaki.

Mluzi wa spika hutokea pale sauti ya spika inaporudi kwenye maikrofoni na kuzunguka. Dawa yake ya kwanza ni miguu: peleka spika mbele ya mstari wa maikrofoni, na umwombe msemaji aisogeze maikrofoni mdomoni. Ndipo uje kwenye ikwalaiza, sehemu ya kupunguza au kuongeza sauti nzito na nyembamba kila moja peke yake. Kabla wageni hawajafika, fungua maikrofoni utakazotumia, pandisha sauti kuu polepole mpaka mluzi uanze kujitokeza kwa mbali, tazama kwenye skrini ni hezi ngapi zimechomoza, kisha punguza hapo desibeli tatu kwa mwanya mwembamba. Rudia mara mbili au tatu, basi. Nimewahi kukuta ikwalaiza iliyokatwa mahali kumi na tano, na spika nzuri kabisa zikatoa sauti kama ya redio ndogo iliyofunikwa kwa sufuria.

Kompresa hupunguza tofauti kati ya sauti ya juu na ya chini ya mtu mmoja. Inamfaa sana khatibu au mchungaji anayenong'ona na mara akapaza sauti. Anza na uwiano wa tatu kwa moja, ukishusha kizingiti, yaani kiwango ambacho kompresa huanzia kazi, mpaka mtambo uonyeshe unapunguza desibeli nne hadi sita pale anapopaza. Ukizidisha, utaipandisha kelele ya pangaboi kila anaponyamaza. Geti ya kelele, kwa upande mwingine, ninaiogopa kwenye sauti za watu. Geti hufunga mlango sauti inaposhuka chini ya kiwango fulani, na msomaji wa mashairi hushuka mwishoni mwa mshororo, kwenye kina. Nimesikia beti nzuri zikiliwa vina vyake na mtambo, na wasikilizaji waliokuja kwa ajili ya vina hivyo wakabaki wakitazamana. Geti iache kwa ngoma.

Mwangwi unataka kiasi. Taarab inaupenda, na mwimbaji wa kasida naye hujisikia amebebwa akiwa nao, lakini nyumba za Mji wa Kale zilizojengwa kwa mawe ya matumbawe, zenye vyumba virefu na kuta tupu, zina mwangwi wao tayari. Humo uweke mdogo sana. Na popote ulipo, nyamazisha mwangwi wote mara mtu anapoanza kuhutubia. Miksa nyingi hukuruhusu kuweka kitufe kimoja kwa kazi hiyo.

Kuna uwezo mmoja ambao miksa ndogo za analogi hazikuwa nao, nao ni kuchelewesha sauti inayokwenda kwenye spika fulani. Turubali likiwa refu, utaweka spika nyingine mbili katikati ili walio nyuma wasikie. Tatizo ni kwamba umeme hufika spika za katikati mara moja, ilhali sauti ya spika za mbele inasafiri hewani kwa takribani mita 349 kwa sekunde katika joto letu la nyuzi 30, na walio nyuma husikia kila neno mara mbili. Kila mita moja ni karibu milisekunde 2.9. Kama spika za pili ziko mita 20 mbele ya zile za kwanza, zicheleweshe milisekunde 57, na sauti mbili zitakuwa moja. Chukua futi kamba, usikadirie kwa macho.

Tabuleti na mawimbi yake

Miaka kadhaa iliyopita, katika harusi ya bustani, niliendesha miksa kwa Wai-Fai iliyomo ndani yake yenyewe. Mchana nilipojaribu, mambo yalikwenda vyema. Usiku walipoingia wageni mamia, kila mmoja na simu yake, tabuleti ilikatika mawasiliano wakati baba wa bwana harusi akianza kutoa shukrani, na maikrofoni yake ilikuwa bado imenyamazishwa. Nilikimbia hadi jukwaani na kebo mkononi, na mzee yule alisimama akisubiri kwa subira ambayo sikuistahili. Kosa lilikuwa langu, kwa kuwa Wai-Fai ya ndani ya miksa za namna ile hutumia gigahezi 2.4, masafa yale yale yanayosongwa na simu na ruta za kila jengo.

Tangu siku hiyo hutumia ruta ya nje yenye gigahezi 5, iliyounganishwa na miksa kwa kebo ya mtandao, ikiwekwa juu ya stendi ili vichwa vya watu visizuie mawimbi. Mtandao huo hauhitaji intaneti. Upe nywila yako, ulifiche jina lake, na usimpe mtu yeyote hata akiwa ndugu. Zima taarifa zote za tabuleti na uizuie isijiunge na mtandao mwingine. Zaidi ya hayo, kaa na kompyuta iliyounganishwa kwa waya karibu na miksa, au simu ya pili yenye programu ile ile. Miksa za Ui hufunguka kwa kivinjari cha kawaida, hivyo simu yoyote inaweza kuokoa shughuli. Jambo la kutuliza moyo ni kwamba tabuleti ikikatika, sauti haikatiki. Miksa huendelea na mpangilio wa mwisho.

Kuhifadhi

Tengeneza mpangilio mmoja wa msingi, wenye majina ya chaneli, vichujio na mwangwi, ukiwa nyumbani bila haraka. Kila kazi mpya ianze hapo, na mwishoni uihifadhi kwa jina linaloeleweka: kikundi, mahali na tarehe. Kikundi hicho kikikualika tena baada ya miezi sita utaanzia mbali sana, ingawa utahitaji kuzipima geini upya kwa kuwa maikrofoni na watu hubadilika. Kabla ya kupakia mpangilio wowote, nyamazisha sauti kuu, maana chaneli zinaweza kufunguka ghafla na volti 48 zikawaka zikapiga mshindo kwenye spika. Usiwahi kubadilisha programu endeshi ya miksa siku ya shughuli.

Anayetaka kurekodi kila chaneli peke yake anaweza kuunganisha XR18 na kompyuta kwa kebo ya USB na kupokea chaneli zote 18. Saa moja ya chaneli 16, kwa kilohezi 48 na biti 24, huchukua takribani gigabaiti 8.3, kwa hiyo taarab ya saa tatu inataka nafasi ya gigabaiti 25. Katika sherehe za wanawake usirekodi chochote bila idhini ya wenye shughuli, na hedifoni na tabuleti yako ziwe mahali ambapo wamekuruhusu kukaa.

Hewa ya bahari

Unyevu na chumvi huua mitambo mingi ya Mombasa kuliko ajali. Miksa ikitoka kwenye chumba au gari lenye kiyoyozi na kufunguliwa ghafla katika joto la nje, hewa yenye unyevu hugeuka matone ndani yake, kama yale ya nje ya glasi ya maji baridi. Iache ndani ya begi lake lililofungwa kwa nusu saa hadi ipate joto la mahali, ndipo uifungue na kuiwasha. Safisha matundu kwa dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, ukipulizia kidogo kwenye plagi na kuichomeka mara kadhaa. Usipulizie mafuta ya aina yoyote kwenye feda. Mchanga ni adui mwingine, kwa hiyo miksa isikae chini hata kwa dakika moja ufukweni, na kitambaa kiifunike kila isipotumika.

Hata miezi isiyo na kazi, hasa wakati wa masika, iwashe mara moja kwa wiki kwa saa moja ili joto lake likaushe ndani, na usogeze kila feda kutoka chini hadi juu. Ukimaliza, iache ipoe, nakili mipangilio yako kwenye kompyuta, kisha irudishe begini pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu, ukivibadilisha kila vinapolowa.